Njia ya Baiskeli ya Kwenda Upper Hill Iko Wapi?

Katika Kiswahili mtu hupanda mlima, na mtu huyo huyo hupanda baiskeli. Kitenzi ni kimoja, wala hilo si ajabu, kwani vitendo vyote viwili humtoa mwanadamu chini na kumweka juu. Lakini anayejaribu kuvitenda vyote viwili kwa wakati mmoja katika jiji la Nairobi, yaani kuupanda mlima hali ameipanda baiskeli, hutambua upesi kwamba lugha imemruhusu jambo ambalo barabara zinamkataza. Mlima ninaoukusudia ni ule uitwao Upper Hill, ulioko magharibi ya katikati ya jiji, ng'ambo ya Uhuru Highway. Juu yake ipo Hospitali Kuu ya Kenyatta, zipo wizara, mahakama za Milimani, jumba la NSSF, balozi, benki na makampuni ya bima. Kila asubuhi maelfu ya watu huupanda. Wachache sana miongoni mwao huupanda kwa baiskeli, na sababu yake si uvivu.

Nimekuwa nikiulizwa na wanafunzi, na pia na vijana wanaofanya kazi katika afisi za huko, njia iliyo salama ya kufika mlimani kwa baiskeli ni ipi. Swali lenyewe ni jepesi kulitamka. Kulijibu kwataka mtu ajue mambo matatu ambayo kwa kawaida huwa hayasemwi pamoja: umbo la ardhi, tabia ya magari, na historia ya mahali. Naanza na hiyo historia kwa sababu ndiyo iliyoyapanga hayo mengine.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 ilisimama penye tambarare, kwa kuwa karakana na stesheni hazijengwi mlimani. Tambarare ile ilikuwa na maji mengi na tope. Jina la mji lenyewe latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Wakubwa wa reli, ambao walikuwa Wazungu, walijengewa nyumba juu ya kilima kilichokuwa magharibi ya stesheni, penye upepo na pasipo mbu wengi. Makarani na vibarua, Wahindi na Waafrika, waliachiwa huko chini. Hivyo basi tangu awali mlima huu haukuwa mwinuko wa ardhi tu, bali mwinuko wa cheo. Barabara zake zilichorwa kwa ajili ya watu wachache wenye farasi, rikisho na baadaye motokaa, waliohitaji kushuka kwenda kazini asubuhi na kupanda kurudi nyumbani jioni.

Leo safari imegeuka juu chini. Nyumba zile za vigae vyekundu na bustani pana zilianza kubomolewa katika miaka ya 1990, na mahali pake pakamea majumba ya afisi, likiwemo jengo la Britam lililokamilika mwaka 2017 likiwa na urefu wa mita 200. Wanaolala mlimani ni wachache. Wanaofagia majumba hayo, wanaoyalinda, wanaopika chai na kupeleka barua, pamoja na wauguzi na makarani wa hospitali, hutoka Kibera, Mukuru, Kawangware, South B na mitaa ya Eastlands. Wao hupanda asubuhi na kushuka jioni. Barabara zimepanuliwa, lakini zimepanuliwa kwa fikira ile ile ya kwamba anayekuja mlimani anakuja kwa gari.

Mimi ni mwanaisimu, na msomaji atanisamehe nikisimama kidogo penye majina. Ramani ya sehemu hii ya jiji ni kichekesho kwa yeyote anayetaka kujua mahali pa mwinuko. Jina Upper Hill, likifasiriwa sisisi, lasema juu ya kilima, kana kwamba kuna kilima kingine cha chini yake. Valley Road, ambayo kwa jina ni barabara ya bondeni, ndiyo mojawapo ya njia zenye mwinuko mkali kabisa kwa anayetoka mjini. Hurlingham ni jina lililoletwa kutoka London, nalo halitufunzi lolote kuhusu ardhi ya hapa. Majina ya kweli ni mawili tu, na yote mawili ni ya Kiswahili: Milimani na Kilimani. Waliotoa majina hayo walifahamu tofauti ya mlima na kilima, wakatia na kiambishi cha mahali. Mwenye baiskeli angewashukuru.

Sasa umbo la ardhi. Wengi hudhani kwamba Upper Hill ni kama chungu kilichofunikwa, kinachoinuka pande zote. Sivyo. Ni kama pua ya mgongo mrefu wa ardhi uanzao huko magharibi, Dagoretti na Karen, na kushuka polepole kuelekea mashariki mpaka unapokatika ghafla juu ya Uhuru Highway. Kwa hiyo mlima ni mlima kwa anayetoka mjini, Industrial Area au South B. Kwa anayetoka Kawangware, Adams Arcade au hata sehemu kubwa ya Kibera, mlima huo haupo. Yeye huja juu ya mgongo, na mara nyingi mwendo wake ni wa kuteremka kidogo. Jambo hili dogo labadilisha swali zima. Anayetoka magharibi hasumbuliwi na miguu yake. Anasumbuliwa na magari ya Ngong Road. Anayetoka mashariki anasumbuliwa na vyote viwili.

Nichukue mfano wa hesabu ili tusizungumze kwa kubahatisha. Tuseme mtu na baiskeli yake nzito ya chuma, ile iitwayo Black Mamba, wana uzito wa kilo 90 kwa jumla, na mlima una urefu wa mita 50 kwenda juu. Kazi ya kuinua uzito huo ni ile ile, apite njia yoyote apendayo: jouli 44,000 hivi. Akipita njia fupi iliyo wima akatumia dakika sita, miguu yake itatakiwa kutoa wati zaidi ya 120 mfululizo, mbali na zile za kupambana na upepo na msuguano. Akipita njia ya mzunguko iliyo ndefu maradufu akatumia dakika kumi na mbili, zitatakiwa wati 61 tu. Nguvu ya kwanza ni ya kijana aliyekula vizuri. Ya pili ni ya mtu yeyote mwenye afya, akiwemo mama wa makamo anayekwenda kliniki. Waliojenga reli walilijua hili vyema. Garimoshi halipendi mwinuko unaozidi mbili hivi kwa mia, na ndiyo maana reli huzungukazunguka kama nyoka mahali ambapo barabara hukwea moja kwa moja.

Jiji la San Francisco huko Marekani, ambalo vilima vyake ni vikali kuliko vyetu, lina njia maarufu ya baiskeli iitwayo Wiggle. Haina daraja wala mtambo wowote wa ajabu. Ni mfululizo wa mitaa ya kawaida inayopinda kushoto na kulia, ikifuata bonde la kijito cha zamani baina ya vilima, na mwinuko wake haufiki popote palipo pakali. Waendeshaji baiskeli waliigundua wenyewe kwa miguu yao, kisha ndipo wakuu wa jiji wakaja na rangi na alama. Mji wa Trondheim, Norway, ulikwenda mbali zaidi: mwaka 1993 ulitia mtambo kando ya barabara ambao humsukuma mwendeshaji kwa kukanyagia mguu mmoja, akapandishwa mlima wa mita 130 bila kushuka baiskelini. Sipendekezi mtambo huo kwa Nairobi. Najua fika yale yangeupata katika wiki ya kwanza. Lakini njia ya kupindapinda haina cha kuibwa.

Je, tunayo Wiggle yetu? Hebu tuzipitie njia zilizopo.

Ya kwanza ifikiriwayo na kila mtu ni Haile Selassie Avenue. Hutoka mjini karibu na stesheni ya reli, huvuka Uhuru Highway chini ya ile barabara ya juu iliyofunguliwa kwa umma Mei 2022, kisha hukwea baina ya uwanja wa gofu wa reli na Uhuru Park mpaka pale panapoitwa Community. Ni njia ya moja kwa moja na ina lami nzuri. Ubaya wake ni kwamba dereva aliyefungiwa katika msongamano wa mjini kwa nusu saa, akishavuka Uhuru Highway, huona mbele yake mlima mtupu na barabara pana, naye hukanyaga mafuta kwa hasira zote alizozilimbikiza. Hapo hapo ndipo mwenye baiskeli anapokuwa mwendo wake umepungua kabisa. Mmoja yuko kilomita 60 kwa saa, mwingine yuko saba.

Na hapa kuna jambo ambalo wasanifu wa barabara zetu hawajalitilia maanani. Baiskeli iendayo polepole haiendi sawasawa. Husimama kwa sababu inakwenda. Ikipunguza mwendo, mwendeshaji hulazimika kuyumbisha usukani huku na huko ili asianguke. Anayepanda mlima anahitaji nafasi pana kuliko anayekwenda tambarare, wala si nyembamba. Sisi humpa ukingo wa barabara wenye upana wa shubiri mbili, penye mchanga, vifuniko vya mitaro vilivyovunjika na chuma chake kuuzwa, halafu twamshangaa kwa nini anayumba kama mlevi mbele ya matatu.

Valley Road sitaizungumzia sana. Aliye na mapafu ataipanda, lakini matatu ziteremkazo kutoka Hurlingham hazimpi mtu nafasi ya kufikiri. Afadhali kwake mitaa ya Milimani yenye miti na magari machache, hata kama itamzungusha. Akitoka upande wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kupitia State House Road, atafika Milimani kwa mwinuko wa taratibu na atalazimika kuivuka Valley Road mara moja tu. Kuvuka mara moja penye taa ni hatari moja. Kuandamana na matatu kilomita nzima ni hatari mia.

Njia ya tatu ndiyo yenye watu wa baiskeli hasa, nayo ni Bunyala Road. Hutoka upande wa Industrial Area, huivuka Uhuru Highway na kuuendea mlima kutokea kusini-mashariki, penye mwinuko usio mkali sana. Mwenye Black Mamba na mkate wa kuuza kwenye keria huipendelea hiyo. Jina lake lanifurahisha. Bunyala ni nchi ya Wanyala, huko Busia, na ni katika mpaka wa Busia na Malaba ambako vijana walianza kuwabeba abiria kwa baiskeli kutoka upande wa Kenya kwenda upande wa Uganda, wakiita kwa Kiingereza cha vinywa vyao, "boda, boda!" Neno lililozaliwa juu ya baiskeli sasa limetwaliwa na pikipiki, na baiskeli imebaki haina jina la biashara. Vivyo hivyo ndivyo ilivyonyang'anywa na nafasi barabarani. Katika vijia vichache vya baiskeli vilivyopo Nairobi, pikipiki ndiyo hupita, nayo hupiga honi kumtaka mwenye baiskeli aondoke.

Nilizungumza na bawabu mmoja alindaye jengo fulani huko mlimani. Hukaa Mukuru, na kwa miaka kadhaa amekuwa akija kazini kwa baiskeli kupitia Bunyala Road. Zamu yake huanza saa kumi na mbili asubuhi. Nilimwuliza hutoka nyumbani saa ngapi.

"Saa kumi za alfajiri, mwalimu," akasema.

Nikamwambia kwamba safari hiyo haizidi dakika arobaini.

"Najua, mzee wangu. Lakini saa hizo magari yamelala. Heri nikutane na mwizi, nitampa simu aende zake. Matatu ukikutana nayo, utaipa nini?"

"Na jioni wafanyaje?"

"Jioni sipandi. Nakokota kwa miguu mpaka nivuke barabara kubwa, halafu ndio nakalia."

Maneno yale yalinifunza zaidi ya ripoti nyingi. Mtu huyu ameitafuta njia salama asiipate mahali, akaipata katika saa. Usalama wake ameununua kwa saa moja na nusu ya usingizi kila siku ya kazi, mbali na ule mwendo wa kukokota jioni. Na kwa kuwa hajagongwa, hayumo katika takwimu zozote. Nchi yetu hupoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka katika ajali za barabarani, na kundi lenye vifo vingi kuliko yote ni la watu waendao kwa miguu. Waendeshaji baiskeli huonekana wachache katika hesabu hizo, na wako wakuu wanaosema kwamba basi baiskeli si tatizo kubwa. Ni sawa na kusema kwamba mto hauna hatari kwa vile hakuna aliyezama, ilhali watu wote wameuogopa na hakuna anayeuvuka.

Njia ya nne huingia kutoka kusini-magharibi. Wakazi wa Kibera hupita Kenyatta Market na mitaa ya Golf Course, huvuka Mbagathi Way, kisha hupenya upande wa hospitali. Waendao kwa miguu hapa ni wengi mno hata mwenye baiskeli huwa kama samaki ndani ya wavu. Mwinuko si kitu. Kisumbuacho ni kuvuka Mbagathi Way, ambapo magari hushuka kwa kasi kuelekea Lang'ata Road. Ngong Road nayo, ambayo ni njia kuu ya wale wanaotoka magharibi, ilipanuliwa katika miaka ya mwisho ya 2010, sehemu yake kwa msaada wa Japani, na ikatiwa vijia pembeni. Vijia hivyo ni hatua ya kupongezwa, nami navipongeza. Lakini kijia kikatikacho penye kila lango la kituo cha petroli, na kuishia kwenye steji ya matatu mahali ambapo makanga wamesimama wakiita abiria, si kijia bali ni vipande vya kijia. Isimu hutufundisha kwamba sentensi iliyokosa kitenzi si nusu ya sentensi, haielezi lolote. Njia nayo hupimwa kwa pale ilipokatika.

Nimeiacha ya tano kwa makusudi, kwa kuwa bado si njia. Reli iendayo Kisumu hutoka stesheni ya Nairobi, huivuka Uhuru Highway, hupita kando ya uwanja wa gofu, huuzunguka mlima kwa upande wa kusini na kuelekea Kibera. Tayari maelfu ya watu huifanya barabara yao ya miguu. Asubuhi ukisimama karibu nayo utaona msururu wa watu kutoka Kibera wakienda Industrial Area, wakitembea juu ya mataruma na kando yake, kwa sababu miguu yao imetambua kile kile ambacho wahandisi wa reli walikitambua: hapa mwinuko ni mdogo kuliko mahali pengine popote. Garimoshi zipitazo ni chache kwa siku. Ardhi ya akiba ya reli ni pana mahali pengi. Kingetengenezwa hapo kijia kigumu cha upana wa mita tatu, kikatenganishwa na reli kwa ua wa chuma, kikawekewa taa, na kikatolewa matawi mawili ya kupandia mlimani, Nairobi ingekuwa na Wiggle yake kwa gharama ndogo mno ikilinganishwa na ile ya barabara ya juu ya kilomita 27 ambayo baiskeli haikubaliwi kuikanyaga.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Itasemwa kwamba ardhi ya reli ni ya shirika la reli na si ya kaunti. Itasemwa kwamba wako watu waliojenga vibanda humo, nao wana haki zao. Hilo ni kweli, na kijia chochote kitakachojengwa kwa kuwafukuza maskini ili kuwapitisha maskini wengine hakitakuwa na maana. Itasemwa pia kwamba mahali hapo ni pa hatari usiku. Hii ya mwisho naona ndiyo yenye uzito kuliko zote, hasa kwa wanawake. Njia iliyo mbali na magari huwa pia mbali na macho ya watu, na mama anayetoka zamu ya hospitali saa moja na nusu usiku hatakubali kubadilisha hatari ya matatu kwa hatari ya kichochoro. Kwa hivyo kijia cha reli bila taa na bila watu si jibu, na hata kikiwa na taa hakitaondoa haja ya kuituliza Haile Selassie na Bunyala.

Kutuliza barabara si lazima kuwe kwa mabilioni. Mwendo wa gari ukishuka kutoka kilomita 60 hadi 30 kwa saa, nguvu ya mgongano haipungui kwa nusu bali kwa robo tatu; hiyo ni fizikia ya kidato cha tatu. Mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm mwezi Februari 2020 ulipendekeza kikomo cha kilomita 30 mahali ambapo magari huchanganyika na watu wa miguu na wa baiskeli. Sheria yetu ya mijini yaruhusu 50. Ndani ya Upper Hill kwenyewe, ambako barabara ni fupi na zimejaa wagonjwa, kina mama wenye watoto na wanafunzi wa udaktari, sioni gari linapoteza nini likienda 30. Kutoka Community hadi lango la hospitali ni mwendo mfupi. Tofauti haifiki dakika mbili.

Kuna na suala la kuteremka, ambalo mara nyingi husahaulika. Njia iliyo bora ya kupandia si lazima iwe bora ya kuteremkia. Anayepanda yuko polepole, ahitaji kutengwa na magari. Anayeteremka huenda karibu sawa na magari, na hatari yake ni nyingine: mlango wa gari unaofunguliwa ghafla, tuta lisilopakwa rangi, na kijia chembamba kilichojaa watu ambao yeye mwenyewe atawagonga. Miji yenye busara, ikiwa barabara ya mlimani ni nyembamba, hutia kijia upande wa kupandia tu, na upande wa kuteremkia humwacha mwenye baiskeli pamoja na magari yaliyopunguziwa mwendo. Zile baiskeli zetu za breki za vyuma, mvua ikinyesha, mpira wa breki hauushiki vizuri ukingo wa gurudumu. Bawabu wetu akikokota jioni haogopi magari peke yake. Aijua pia baiskeli yake.

Na akishafika juu? Majengo mengi ya mlimani yana maegesho ya magari ghorofa tatu au nne chini ya ardhi, na hayana hata chuma kimoja cha kufungia baiskeli. Katika jumba moja ambalo sitalitaja, nilimsikia askari wa lango akimwambia kijana tarishi, "Baiskeli haiingii hapa, ndugu yangu, iegemeze huko nje." Huko nje ni kwenye mtaro. Kijana aliyejua kwamba baiskeli yake itaibwa kabla hajapanda lifti aligeuka akaenda zake na bahasha yake. Chumba cha kuogea na kubadilishia nguo ndicho kisichofikirika kabisa, ingawa majengo hayo hayo yana vyumba vya mazoezi ambamo mameneja hulipa fedha nyingi kupanda baiskeli zisizokwenda popote.

Wa kulaumiwa ni nani? Hapa msomaji atachoka kama nilivyochoka mimi. Sheria ya barabara ya mwaka 2007 iliunda mashirika ya kitaifa, likiwemo lile la barabara za mijini. Katiba ya 2010 ikaipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani na maegesho. Kisha kati ya mwaka 2020 na 2022 likawako shirika la huduma za jiji lililochukua kazi za kaunti, ambalo kwa kweli lilijenga vijia vya miguu na baiskeli katikati ya mji, kama kwenye Muindi Mbingu Street na Wabera Street. Vijia hivyo viliishia mjini. Havikuvuka Uhuru Highway kwenda mlimani, na haikuchukua muda kabla ya pikipiki na magari kuviegesha. Matokeo ya kugawana huku ni kwamba mtu akiuliza kwa nini hakuna njia ya baiskeli Upper Hill, kila afisi humwonyesha mlango wa afisi nyingine, na afisi zenyewe nyingi ziko huko huko mlimani.

Hata hivyo karatasi ipo. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini, na humo ikaahidi kutenga angalau asilimia 20 ya fedha za barabara kwa ajili ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Sera hiyo haikuandikwa na wageni wala maadui wa magari. Iliandikwa katika mji ambao takriban safari nne kati ya kumi hufanywa kwa miguu. Sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 yataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafikishwe katika bunge lake kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi huitwa kutoa maoni. Mikutano hiyo huhudhuriwa na wachache. Wanaopanda baiskeli na watakaokuwepo safari ijayo, waulize swali moja na walitake jibu la tarakimu: kati ya fedha zilizotumika tangu 2015 katika barabara za kwenda Upper Hill, ile asilimia 20 ni shilingi ngapi, na zimelala katika kijia kipi?